Insha ya Kujieleza ni Ushahidi: Mwongozo kwa Finalisti wa Likasi Anayeomba Chuo cha Nje

Finalisti wa Likasi aliyefaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na anayetaka kuingia Chuo Kikuu cha Likasi (UNILI), au kile cha Lubumbashi (UNILU), kwa kawaida hupimwa kwa karatasi: diploma, asilimia, buletini za miaka ya mwisho na malipo ya kujiandikisha. Hakuna anayemuuliza yeye ni mtu wa namna gani. Akijaribu vyuo vya nje, mambo hubadilika. Ashesi nchini Ghana, African Leadership Academy ya Johannesburg, vyuo vyenye ufadhili wa Mastercard Foundation, ARES ya Ubelgiji kwa wale wa masomo ya juu zaidi: wote hao, juu ya asilimia, wanataka mwombaji ajieleze kwa maandishi. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyao vya Marekani, inataka insha ya maneno 250 hadi 650. UCAS ya Uingereza, kwa wanaoingia chuo kuanzia mwaka 2026, imeacha insha moja ndefu na kuweka maswali matatu ambayo majibu yake yote kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kwa Wabelgiji na Wafaransa jina la maandishi ya namna hii ni lettre de motivation. Majina yanatofautiana, ila kinachotakiwa kinafanana sana.

Hoja ya mwongozo huu ni moja. Anayesoma insha yako anatafuta ushahidi wa jinsi unavyofikiri na unavyotenda. Hajui mtaa wako, hajui shule yako, ana rundo la insha nyingine mezani na dakika chache za kukusoma. Kwa hiyo ushahidi huo lazima uwe ndani ya maandishi yenyewe. Kila ushauri utakaofuata, wa kuchagua habari, kuandika na kusahihisha, unatoka kwenye hoja hiyo, na pale penye pingamizi tutalikabili.

Mazoea tunayoanza nayo

Kinachowaangusha wengi ni mazoea, kabla hata ya lugha. Mwanafunzi wa humanités huko Katanga amezoea aina mbili za maandishi ya heshima. Ya kwanza ni barua ya maombi kwa mkubwa, ile inayoanza kwa kusema mwandishi ana heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wa mheshimiwa, na inayomalizika kwa salamu ndefu kuliko ombi lenyewe. Barua hiyo ina kazi yake: inaonyesha kwamba unajua nafasi yako na unajua ya mwenzako. Mbele ya ofisi ya komini au ya kampuni inafaa. Lakini ukiitazama vizuri, utaona haisemi lolote kuhusu aliyeiandika. Badilisha jina na tarehe, mtu mwingine anaweza kuitia sahihi. Ya pili ni dissertation ya Exetat, yenye utangulizi, maendelezo na hitimisho, ambamo mwanafunzi hufundishwa kujificha nyuma ya "sisi" na kuzungumzia binadamu kwa jumla, vijana kwa jumla, maendeleo kwa jumla. Hiyo nayo inafundisha jambo jema, yaani kupanga hoja. Ila mwanafunzi aliyeizoea, akiulizwa "wewe ni nani?", anajibu kwa kueleza umuhimu wa elimu katika jamii.

Kuna aina ya tatu, ya mdomo, nayo ni ushuhuda wa kanisani. Huko mtu husema "mimi" bila woga. Anasimulia alivyoanguka, alivyoteseka, na jinsi Mungu alivyomwinua. Wanafunzi wengi wanaposikia kwamba insha inataka habari zao binafsi, ndiyo njia wanayoifuata bila kujua, na insha inatoka na mateso mengi mwanzoni, wokovu wa ghafla katikati na shukrani mwishoni. Imani ya mwandishi haina kasoro. Shida iko kwenye kitenzi: katika ushuhuda mtendaji mkuu ni Mungu, au mfadhili, au mjomba aliyelipa minerval, na msomaji anayetaka kujua wewe ulifanya nini anabaki bila jibu. Mshukuru Mungu kwa moyo wote, kisha umweleze msomaji ulichokifanya kwa mikono yako siku ile.

Maandishi yanaposafiri

Katanga ina mifano mizuri ya watu wa kawaida walioandika maisha yao kwa Kiswahili, na mifano hiyo inatufundisha kuliko vitabu vya kanuni. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha huko, akiandika kwa jina la watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu. Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na maelezo yale yalihitaji nafasi kubwa kwa sababu moja: Yav aliandika kwa watu waliokuwa wanajua mitaa, majina ya utani ya mabwana na desturi za kambi. Miaka ya 1990 Mkatanga mwingine, aliyewahi kuwa boi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kumpelekea mwajiri wake wa zamani Ubelgiji. Hakuandika mara moja. Aliandika matoleo matatu ya maisha yaleyale. Mwanaisimu Mbelgiji Jan Blommaert aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 2008, na moja ya hoja zake inamhusu kila mwombaji wa chuo: maandishi yenye thamani kamili pale yalipoandikwa yanaweza kupoteza thamani yakifika mahali pengine, kwa sababu msomaji wa kule anapima kwa vipimo vingine.

Mambo mawili yanatokana na mifano hiyo. Kwanza, uwezo wa kusimulia maisha kwa maandishi upo kwetu siku nyingi, na hakuna sababu ya finalisti wa komini za Likasi kama Panda au Kikula kuamini kwamba insha ya kujieleza ni kitu cha wageni tu. Pili, insha inayovuka mipaka lazima ibebe mahali pake pamoja nayo, kwa uzito mdogo iwezekanavyo. Ukiandika "baba alikuwa wa Gécamines", kila mtu wa Likasi anaelewa mara moja: nyumba ya kambi, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na baadaye miezi ya mishahara isiyolipwa. Msomaji wa Ghana au wa Boston haelewi hata moja. Anahitaji nusu sentensi: kampuni ya serikali ya shaba iliyokuwa ikilipa shule na hospitali ya familia yetu. Nusu sentensi inatosha. Usimpe historia nzima ya Union Minière tangu mwaka 1906.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza maneno yao 650. Wanaanza kwa kusema Kongo ni "kashfa ya kijiolojia", maneno yanayohusishwa na Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo kila mwanafunzi wa nchi hii ameyasikia darasani. Wanaendelea na Shinkolobwe na urani ya bomu la mwaka 1945, kisha kobalti ya betri za magari. Ni kweli tupu, na msomaji anaweza kuyapata kwenye ensaiklopidia. Swali ni kama jambo hilo limegusa uamuzi wako wowote. Ikiwa umekulia Shituru, karibu na kiwanda cha shaba, ukapima kwa miezi kadhaa jinsi mabati ya nyumba yenu yanavyoliwa kutu kuliko ya shangazi yako wa mtaa mwingine, basi kiwanda hicho kina haki ya kuingia katika insha yako, kwa sababu kimeingia kupitia macho yako. Bila hivyo, kiache.

Kukusanya kabla ya kuandika

Usianze kwa kuandika insha. Anza kwa orodha. Chukua daftari na kwa wiki moja au mbili andika kila jambo ambalo umelifanya kwa kurudiarudia na ambalo lingekwama kama usingelifanya: kuwasomesha wadogo zako hesabu, kutunza funguo za maktaba ya parokia, kupanga zamu ya maji, kutengeneza simu zilizoharibika, kupanga sauti za kwaya, kumsomea bibi barua. Wengi wanadharau mambo hayo kwa sababu hayana cheti. Wanatafuta tuzo, semina, picha na kiongozi. Lakini jambo la kila siku lina faida ambayo tuzo haina: ndani yake umefanya maamuzi mengi, umekosea, umerekebisha, na unaweza kuyaeleza kwa undani ambao mtu asiyefanya hawezi kuubuni. Mbele ya kila jambo katika orodha jibu maswali matatu. Niliamua nini ambacho mwingine angeamua tofauti? Nini kilibadilika? Nini bado sijakielewa? Jambo lenye majibu kwa maswali yote matatu ndilo la kuandikia. Yaliyobaki weka kwenye sehemu ya fomu inayouliza shughuli zako.

Andika rasimu ya kwanza kwa lugha unayoitumia kufikiri. Kwa wengi wa Likasi hicho ni Kiswahili cha nyumbani, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake, na hakuna haja ya kukisafisha. Mtu anaweza kupinga: chuo kinataka Kifaransa au Kiingereza, kwa nini kupoteza muda? Jibu ni kwamba katika lugha ya shule sentensi nyingi zinakuja zikiwa zimeshatengenezwa, na mwandishi anazipokea tu. Katika lugha ya nyumbani unalazimika kusema kilichotokea. Ukishapata habari kamili, funga daftari na uandike upya moja kwa moja kwa lugha inayotakiwa, kwa sentensi fupi unazozimudu. Usitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa maana tafsiri ya namna hiyo hubeba mpangilio wa lugha moja na kuulazimisha kwenye nyingine, na msomaji anachoka kabla hajafika kwako.

Rasimu mbili za mwombaji mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Kikula anaomba nafasi ya kusoma uchumi. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma uchumi. Nchi yangu ni tajiri kwa madini lakini watu wake ni maskini. Mimi ni mchapakazi, mvumilivu na napenda kusaidia jamii. Nikipata nafasi hii nitarudi kuendeleza Kongo." Hakuna uongo humo, na hakuna kosa la sarufi. Lakini mpe rafiki yake wa dawati moja, anayeomba udaktari, abadilishe neno "uchumi" tu, na aya hiyo itakuwa yake. Mpe kijana wa Kolwezi, itakuwa yake pia.

Anaulizwa maswali, anarudi kwenye daftari, na rasimu ya pili inakuwa hivi: "Kwa miaka miwili nimeandika daftari la likelemba ya wanawake kumi na wawili wanaouza samaki wa ziwani Kapolowe sokoni pamoja na mama yangu. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja wao anabeba pesa zote. Mwezi wa Februari wanne hawakutoa. Mama alisema ni uzembe. Nilifungua kurasa za mwaka uliotangulia nikaona kwamba mwezi huohuo watatu walikuwa wamechelewa. Nikawauliza: mvua ilikuwa imeharibu njia ya kutoka ziwani, na samaki walifika wachache. Nilipendekeza mchango upungue miezi ya mvua na uongezeke wakati wa kiangazi. Wawili walikataa, wakisema kiasi kikibadilika mara moja kitabadilika kila mara. Sijapata jibu la kuwaridhisha."

Katika rasimu ya pili hakuna neno "mchapakazi". Halihitajiki, kwa kuwa miaka miwili ya Jumamosi imeshalisema. Neno "uchumi" nalo halijatajwa, lakini msomaji wa kitivo cha uchumi ameliona: anayeandika amelinganisha mwaka na mwaka, amekataa maelezo ya haraka ingawa yametoka kwa mama yake, ameuliza wahusika, amependekeza badiliko, na amesikia pingamizi lenye akili. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa ndiyo ambayo wengi wangeifuta kwa hofu ya kuonekana hawajui. Chuo ni mahali pa mtu mwenye swali. Aya zitakazofuata zitoke hapo: kwa nini kikundi kinaweza kupendelea kanuni ngumu kuliko kanuni ya haki, amesoma nini kuhusu hilo, na kozi anayoiomba itampa chombo gani cha kulichunguza.

Tazama pia kwamba hadithi peke yake haitoshi. Mwaka 2014 James Pennebaker na wenzake walichapisha uchambuzi wa insha za kuombea chuo za wanafunzi zaidi ya 25,000 wa Marekani, wakizilinganisha na alama zao za miaka minne chuoni. Lugha ya kupanga mambo na kuyaunganisha iliambatana na alama za juu zaidi kuliko lugha ya kusimulia watu na matukio tu. Uhusiano wa namna hiyo haumhukumu mtu mmoja mmoja, na hausemi kwamba usisimulie. Unakumbusha kwamba tukio ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufikiri juu yake mbele ya msomaji. Kipimo rahisi ni hiki: katika insha ya maneno 600, tukio lisimalize zaidi ya nusu.

Mapingamizi yenye uzito

Pingamizi la kwanza ni la malezi. Kujisema mwenyewe ni kujisifu, na kwetu mtu hasifiwi na mdomo wake. Hii ni adabu na haistahili kudharauliwa. Lakini angalia tena rasimu mbili za juu. Iliyojisifu ni ile ya kwanza, yenye sifa tatu mfululizo bila shahidi. Ya pili ina vitenzi: nimeandika, nilifungua, nikawauliza, nilipendekeza. Kueleza ulichofanya, pamoja na walichofanya wengine na walipokukatalia, ni kutoa hesabu ya kazi, na mtu mwenye adabu hutoa hesabu anapoulizwa. Kwa hiyo futa vivumishi vya sifa, bakiza vitenzi, na heshima yako itabaki salama.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: je, wazungu hawataki kusikia shida? Wapo wanaoshauri kwamba Mkongomani asipoandika vita, njaa au watoto wachimbaji hatachukuliwa. Ushauri huo una madhara mawili. Unakufanya uandike maisha ambayo huenda si yako, na unakuweka kwenye mashindano ya mateso ambamo daima kutakuwa na mwenye zaidi. Kama umepita katika ugumu uliovuruga masomo yako, ni haki yako kuusema, na fomu nyingine zina mahali pake: Common App ina sehemu tofauti ya kueleza changamoto na hali ulizopitia. Huko andika kwa ukavu: shule ilifungwa kwa miezi kadhaa, baba aliacha kulipwa, nilihamia kwa mjomba. Hapo hutakuwa umeomba huruma, utakuwa umetoa maelezo ya buletini yako. Na kabla ya kuandika ugonjwa au aibu ya mtu mwingine wa familia, muulize. Habari hiyo ni yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: mchezo wenyewe si wa haki. Historia inalikubali. Vyuo kama Harvard, Yale na Princeton vilianza kupima "tabia" ya mwombaji kwa maandishi na mahojiano katika miaka ya 1920, na Jerome Karabel ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba lengo mojawapo lilikuwa kupunguza idadi ya wanafunzi Wayahudi waliokuwa wakifaulu mitihani. Mwaka 2021 AJ Alvero na wenzake walichunguza insha za waombaji 60,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakakuta mada na mtindo wa insha vinaambatana na kipato cha familia kwa nguvu kuliko hata alama za mtihani wa SAT. Mtoto wa tajiri ana mshauri wa kulipwa, ana wazazi waliosoma chuo, ana miezi ya kusahihisha. Finalisti wa Likasi ana mega za intaneti za kununua kwa kipimo na umeme unaokatika.

Yote hayo ni kweli, na mwongozo hauwezi kuyafuta. Yanabadilisha mambo mawili tu katika utendaji. Usijaribu kuiga insha ya mtoto aliyelipiwa mshauri, kwa sababu katika uwanja huo ameshakushinda. Mbele yako kuna kitu ambacho mshauri hawezi kukiuza: undani wa jambo ulilolifanya kweli. Na usiweke tumaini lote kwenye mlango mmoja. Kabla ya kuandika neno lolote, soma masharti ya kila chuo: umri, lugha, ada ya maombi na kama inaweza kusamehewa, na hasa kama ufadhili unalipa nauli na chakula au masomo tu. Jiandikishe pia UNILI au UNILU muda ukifika. Aliyekubaliwa nyumbani huandika insha ya nje akiwa ametulia.

Kusahihisha

Wengi huita kusahihisha kile ambacho ni kufuta makosa ya tahajia. Hiyo ni hatua ya mwisho. Fuata mpangilio huu, kwa siku tofauti. Siku ya kwanza tazama hoja: andika kwa sentensi moja msomaji atajua nini juu yako akimaliza. Ikishindikana, insha bado haina kiini, na hakuna koma itakayoiokoa. Siku ya pili tazama mpangilio. Mara nyingi aya ya kwanza ilikuwa ya kupasha misuli, na insha inaanza hasa kwenye aya ya pili. Jaribu kuikata uone kama kuna kilichopotea. Siku ya tatu pita sentensi kwa sentensi na kipimo cha sahihi: je, mwanafunzi mwenzako anaweza kutia sahihi chini ya sentensi hii bila kusema uongo? Akiweza, ifute au uiongezee kitu ambacho ni chako tu. Kisha uliza "nilijuaje?" kwenye kila dai. "Jamii yetu haithamini elimu ya wasichana": ulijuaje? Ukikumbuka kwamba katika darasa lako wasichana walikuwa tisa mwaka wa kwanza na wawili mwaka wa mwisho, andika hivyo na uache msomaji ahitimishe.

Tafuta wasomaji wawili, wa aina mbili. Mmoja awe anakujua, ili akuambie pale ulipotia chumvi. Mwingine asijue habari hiyo kabisa, na usimuulize kama insha ni nzuri, maana atakuambia ni nzuri. Mwombe akusimulie alichoelewa. Pale anapokosea, usimweleze kwa mdomo. Rekebisha karatasi, kwa sababu msomaji wa chuo hutakuwa naye kando. Mwalimu wa Kifaransa au wa Kiingereza mpe mwishoni, akague lugha, na mwombe aache sauti yako hata kama ni ya kawaida. Soma kwa sauti mara moja ya mwisho. Pale unapokosa pumzi, sentensi ni ndefu.

Kuna vishawishi viwili. Kimoja ni duka la birotiki ambako mchapaji ana lettre de motivation tayari kwenye mashine yake na anachobadilisha ni jina lako. Kingine ni programu za akili bandia, ambazo ukiziomba insha ya kijana wa Kongo zitakupa madini, ndoto na jamii, yaani ileile rasimu ya kwanza kwa lugha laini zaidi. Common App inahesabu kuwasilisha kazi ya akili bandia kama yako kuwa ni udanganyifu. Hata bila adhabu hiyo, ungekuwa umetupa kitu pekee kilichokutofautisha na wengine. Mwache mchapaji achape ulichoandika, neno kwa neno, na ukague kabla ya kulipa.

Mwisho, usingoje siku ya mwisho. UCAS hufunga milango ya Januari saa 18:00 za Uingereza, ambazo ni saa 20:00 za Likasi, muda ambao umeme na mtandao vinaweza kukuacha mikono mitupu. Jiwekee tarehe yako, wiki moja kabla ya yao. Andika kwa mkono kwanza, tunza kila toleo, na hesabu herufi pamoja na nafasi kabla ya kubandika kwenye fomu, kwa sababu fomu haikubali kinachozidi. Ukishatuma, hifadhi nakala na uisome tena kabla ya mahojiano. Watakaokuita watakuuliza juu ya ulichokiandika, na uliyeandika ukweli wako hutakuwa na la kukariri.